Uzito wa Karatasi Moja

Ukimuuliza anafanya kazi gani, hakukujibu kwa maneno. Alichukua karatasi moja nyeupe, hii ya kawaida ya kuchapia, akakuambia unyooshe kiganja, akailaza juu yake taratibu. Halafu akakutazama usoni.

"Unausikia uzito wake?"

Wengi walisema hapana. Wachache, kwa adabu, walisema kidogo.

"Basi injini yangu inasukuma kwa nguvu hiyo. Haizidi hapo."

Hapo ndipo watu walipocheka. Mwenye duka wa mtaani kwetu Chuno alicheka mpaka akajishika mbavu. Mtu amesoma ughaibuni nusu ya umri wake, amerudi na miwani minene na jina la Dokta, kumbe ametengeneza injini isiyoweza kusukuma hata baiskeli! Jirani yangu hakukasirika. Aliichukua karatasi yake, akaikunja, akaitia mfukoni, akasema maneno niliyoyasikia kwake mara nyingi kuliko salamu: "Kidogo, lakini bila kuacha." Alikuwa na maana kwamba huko juu hakuna hewa wala barabara ya kukwamisha chombo. Ukikisukuma kidogo leo, kesho na keshokutwa, mwisho wake kinapata kasi ambayo hakuna gari wala ndege itakayoifikia.

Habari za ukoo wake sina, na hata ningekuwa nazo nisingezileta hapa. Nilichonacho ni ukuta. Nyumba yake na yangu zilipakana, na kwa miaka mingi nilisikia mengi kupitia ukuta ule kuliko niliyoambiwa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari. Nililetwa Mtwara kikazi kutoka milima ya Songea nikiwa msichana, nikasahaulika hapa, nami nikajisahau. Yeye aliniita Mwalimu. Mimi nilimwita Kaka, na mtaa mzima ulimwita Mtafiti, wengine kwa heshima na wengine kwa mzaha.

Jambo la kwanza nililolichukia kwake ni mikono. Hakumpa mtu mkono. Ukimnyooshea wako, aliweka kiganja chake kifuani, akainamisha kichwa kidogo na kutabasamu, nawe ukabaki na mkono wako hewani. Msikitini siku ya Idi alifanya hivyohivyo, mpaka wazee wakasema huyu anatuona sisi wachafu. Nami nilisema hivyo, tena kwa sauti ya kutosha kupenya ukutani. Siku iliyofuata alinigongea mlango, akasimama kizingitini, akasema, "Mwalimu, si maringo. Ni kazi," kisha akaondoka bila kueleza zaidi. Nilikasirika mara ya pili.

Kazi yenyewe ilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye chumba kilichojengwa kiwe jiko. Mle aliweka tangi la chuma lenye ukubwa wa pipa la maji na kidirisha kinene cha kioo ubavuni. Pampu zilifyonza hewa yote iliyomo, mpaka ndani pakabaki ombwe, yaani pasipo na kitu kabisa. Gesi kidogo ikiingizwa mle na kupigwa umeme mkali, inapasuka vipande vidogo vyenye chaji na kung'aa rangi ya samawati. Hali hiyo ya gesi wanaiita plazma. Vipande vile vikifukuzwa kwa kasi kutoka upande mmoja, chombo kinasogea upande wa pili. Hiyo ndiyo injini yake, na hayo ndiyo maisha yake yote.

Kuingia mle kulikuwa na masharti kuliko kuingia ikulu. Unanawa kwa sabuni, unajipangusa kwa spiriti, unavaa glavu. Mafuta ya nazi kichwani, hapana. Manukato, hapana. Dada yangu aliponitembelea akiwa amejifukiza udi, Mtafiti alimsimamisha mlangoni akamwonyesha tangi kwa mbali, kama mgonjwa wa wodi ya kuambukiza. Alisema alama moja ya kidole ikibaki ndani ya tangi inatoa mafuta taratibu, na mafuta yale yanatosha kuharibu ombwe zima. "Kitu hiki hakitaki kupendwa, Mwalimu," aliniambia. "Kinataka kuachwa." Nilidhani anatania.

Adui yake mkubwa hakuwa udi, alikuwa salfa. Kwa asiyeijua Mtwara niseme hapa: salfa ni unga wa manjano tunaopuliza kwenye mikorosho inapotoa maua, ili ugonjwa wa ubwiri unga usiyale. Msimu ukifika, mkoa mzima unanuka salfa. Inakaa kwenye nywele, kwenye kucha, kwenye masikio. Shati jeupe la mpulizaji hata ukilifua mara ngapi, akitoka jasho tu linarudia umanjano. Kwenye injini ya jirani yangu kulikuwa na kidude cha ukubwa wa kidole gumba, alichokiita kiwashio, ambacho ndicho kinachoamsha gesi iwake. Ndani yake kulikuwa na kipande cha madini chenye vitundu vidogovidogo, na salfa ikikigusa kipande hicho, kimekufa. Huwezi kukisafisha wala kukifufua.

Alikuwa na mwanafunzi mmoja pale chuoni alikofundisha, binti hodari kuliko wote. Siku moja akamwona na kijimstari cha manjano chini ya ukucha, maana wikiendi alikuwa ameenda kuwasaidia wazazi wake kupuliza. Akamtoa chumbani. Akamwambia arudi msimu ukiisha. Yule binti alikuja kulia barazani kwangu, nami nikavuka kwenda kugomba.

"Kaka, mikono si inanawiwa?"

"Salfa hainawiwi, Mwalimu. Inangojwa mpaka ipite."

"Ungekuwa wewe umeishika?"

"Ningekaa nje mpaka msimu uishe. Sheria haina mwenyewe."

Ajabu ni kwamba mtu huyuhuyu nyumbani kwake alikuwa mchafu wa kawaida. Vyombo vilikaa kwenye beseni mpaka nzi wakavijua kwa majina. Alikula ugali wa makopa ya muhogo kwa mikono yote miwili, akajipangusia suruali. Mkewe, aliyefanya kazi Dodoma na kuja likizo tu, alikuwa akifika anaanza na ndoo na ufagio kabla ya kuvua viatu, huku akimsema kwa sauti, naye akimfuata nyumanyuma na kumwambia, "Hapo acha, hapo acha." Hakujua kuendesha gari. Alikuwa anaogopa kupanda ndege, yeye mwenye kutengeneza vyombo vya kwenda juu ya ndege. Na ufundi wa mtaani hakuwa nao hata chembe. Mama mmoja wa jirani alimletea pasi iliyoacha kupata moto, akisema wewe si ndiye fundi wa umeme. Aliikubali kwa aibu ya kukataa. Akaifungua, akaitazama kwa upole, akaifunga, akaichomeka, na nyumba zetu zote mbili zikazima. Pasi nyingine mpya aliinunua yeye.

Miaka yake ya ujana aliimalizia kwenye maabara za nchi za baridi. Alisimulia kwa mafungu, tena akiwa amefurahi. Alisema kule alifanya kazi miaka na miaka kwenye injini za watu wengine, akapima moto wao, akasahihisha hesabu zao, na majina yao yakaenda angani kwenye mabawa ya setilaiti. Hakuwa na kinyongo. Alichotaka ni kimoja tu, kiwashio alichokibuni mwenyewe, kinachowaka kwa umeme mdogo sana, kikae kwenye setilaiti ndogo na kuisukuma. Setilaiti ndogo zikikosa injini hushuka pole pole mpaka zikaungua. Zikiwa na kitu cha kuzisukuma kidogo, lakini bila kuacha, zinakaa.

Alirudi kwa sababu ya mama yake. Hakuwa na ndugu mwingine wa kumwangalia, na mama alikataa kuhamia popote ambako hakuna mikorosho. Basi akaacha maabara, akaja kufundisha chuo cha hapa, akaleta tangi lake kwenye kontena. Gesi ya Mnazi Bay ilipojaza wageni mjini, kampuni moja ilimfuata kwa maneno matamu na gari la kifahari lililoegeshwa hadi kwenye bustani yangu ya mchicha. Akawakataa. "Gesi yao inaungua," aliniambia. "Yangu inang'aa." Nikamwambia kung'aa hakuezeki nyumba, na kweli paa lake lilikuwa linavuja. Alicheka.

Kilichonitesa mimi, jirani wa ukutani, ni umeme. Pampu zake zilikuwa na mngurumo mdogo ambao nilizoea kulala nao. Kupata lile ombwe kulichukua siku kadhaa za mngurumo mfululizo. Umeme ulipokatika, mngurumo ulikufa, nami nikajua kazi yote imemwagika. Nilitoka nje nikiwa na hasira zangu, nikamkuta ameketi kwenye ngazi ya nyuma, mikono imelegea juu ya magoti.

"Imekata," alisema.

"Na wewe unakaa tu?"

"Nifanyeje, Mwalimu? Nikigomba itarudi?"

Nilirudi ndani nikasonya peke yangu. Nadhani nilimpenda kidogo kwa utulivu ule, na nilimchukia kwa ajili yake pia, kwa sababu mtu asiyegomba anakuachia wewe ubebe hasira ya watu wawili.

Mama yake nilimfahamu vizuri. Aliishi kijijini upande wa Nanyamba, akija Chuno na kikapu cha muhogo na korosho za kuchoma, akakaa barazani kwangu kuliko kwa mwanawe kwa sababu kwangu palikuwa safi. Alikuwa bibi mfupi mwenye ndonya ya zamani, lile pambo la mdomoni, iliyoacha tundu kwenye mdomo wa juu, na sauti ya kuamrisha. Mwanawe alimpenda kwa namna ya watu wasiojua kusema. Kila mwaka, kabla hajaanza kufikiria kiwashio chake, alikuwa akienda shambani msimu wa palizi, akarudi na malengelenge. Na mwaka ambao tangi lilikuwa limelala, alimpulizia na salfa mwenyewe. Mama alijua kwamba mwanawe anatengeneza kidude cha kwenda juu. Alikiulizia kama watu wanavyoulizia mjukuu.

"Kile chetu kimefikia wapi?"

"Bado kidogo, mama."

Siku ikafika kweli. Rafiki yake wa maabara ya zamani alimwambia kuna nafasi kwenye setilaiti moja ndogo, alete kiwashio chake kijaribiwe, kikiwaka kitapanda. Sijawahi kumwona mtu anaogopa furaha namna ile. Alikuwa amebakiwa na kipande kimoja tu cha yale madini, alichokuja nacho miaka yote hiyo. Alijifungia, pampu zikanguruma, safari hii umeme ukatuhurumia. Nilichungulia kwenye kile kidirisha nikiwa nimevaa glavu na kujifunga kitambaa kichwani, nikauona mwanga wa samawati, mdogo, umesimama palepale hautikisiki. Nilitokwa na machozi na akanifukuza, akisema machozi yana chumvi.

Akakifunga kiwashio kwenye mfuko wa nailoni, juu yake mwingine, ndani yake gesi kavu isiyo na unyevu, akauziba kwa moto, akauweka kwenye kisanduku cha mbao. Sheria yake ilikuwa kwamba kikishafungwa hakifunguliwi mpaka kifike. Rafiki yake alikuwa na mtu anayesafiri kutoka Dar es Salaam, ndiye angekibeba. Lakini huku kwetu mtu hatoki na jambo zito bila kumuaga mama na kuombewa dua. Basi akapitia kijijini na kisanduku chake, akalala, alfajiri akaenda msikitini kuswali, akarudi, mama akamshika kichwa akamwombea, akapanda basi.

Siku ya kukifungua kule ng'ambo alinialika. Walikuwa wamekubaliana wampigie kwa video aone. Nilikwenda na sahani ya vitumbua, tukakaa mbele ya kompyuta yake kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. Rafiki yake alionekana amevaa koti jeupe na barakoa, mwanaume wa makamo mwenye macho ya kucheka. Akafungua kisanduku. Akauinua ule mfuko mbele ya kamera.

Nailoni zote mbili zilikuwa zimechanwa kwa kisu, vizuri, pembeni, kisha zikafungwa tena kwa kipande cha kanga. Ndani, kiwashio kizima kilikuwa kimefunikwa na unga wa manjano.

Niliitambua ile kanga. Ilikuwa ya maua mekundu, bibi alikuwa akijifunga akija kwangu. Nilimtazama Mtafiti. Alikuwa ameweka kiganja kifuani, kama anavyosalimia watu.

Rafiki yake akauliza nini hiki, nani amefungua? Nakumbuka jibu la Mtafiti kwa sababu lilikuwa fupi.

"Sijui."

Wakajaribu kukisafisha. Wakakiweka kwenye tangi lao kubwa, wakakipasha moto, wakakingoja. Hakikuwaka. Mtafiti alijua hakitawaka tangu alipoona rangi, lakini aliketi pale mpaka mwisho. Vitumbua vyangu vilibaki vilevile.

Maelezo aliyatoa bibi mwenyewe, bila kuulizwa, alipokuja Chuno baada ya wiki chache. Aliketi kwangu akanyoosha miguu.

"Mwalimu, hawa wasomi wenu hawana akili. Nimekuta kile kidude wamekifunga kwenye nailoni. Masika yote hii! Ntu gani anafunga kitu kwenye nailoni? Korosho ukiifunga nailoni inatoka jasho, kesho ukungu umeila. Nikakipasulia kipate kupumua. Nikakipangusa, nikakitia salfa kidogo ya msimu uliopita, isije ikaota ukungu njiani. Yeye alikuwa msikitini. Nilimfanyia kimyakimya."

Alikuwa anangoja nimpongeze. Nilimtazama mwanawe aliyekuwa amesimama mlangoni na birika la chai, nikaona anatikisa kichwa kidogo sana, kuniomba.

"Umefanya vizuri, bibi," nilisema, nikainuka kumpokea mwanawe birika.

Setilaiti haikuweza kusubiri. Mahali ilipopaswa kukaa injini yake, waliweka kipande cha alumini kilichopimwa kiwe na uzito uleule, ili chombo kisipoteze mizani. Aliniambia hayo huku akimenya chungwa. "Kwa hiyo uzito wangu umekwenda," alisema. Kwa mama yake alisema, "Kimeondoka, mama." Haukuwa uongo kamili na haukuwa kweli. Bibi alitangaza kijiji kizima. Watu walimjia kumpa hongera, na kila aliyekuja alihadithiwa habari ya nailoni na salfa.

Na kwa kuwa haikuwa na cha kuisukuma, ile setilaiti ilishuka pole pole, na baada ya miaka michache ikaungua. Rafiki yake alimpigia kumwambia. Mtafiti alitoka kwenye ngazi ya nyuma akakaa, mikono juu ya magoti, ingawa siku hiyo umeme ulikuwepo.

Tangu kisanduku kile, hakugusa salfa tena. Palizi alienda, mavuno alienda, lakini msimu wa kupuliza alitafuta vibarua wenye mashine, yeye akasema ana mitihani ya wanafunzi. Hakuwa na kiwashio chochote cha kulinda miaka ile. Nadhani ni mwili wake tu uliokataa.

Halafu, msimu uliopita wa kupuliza, akanigongea akiwa na uso ambao sikuwa nimeuona tangu siku ya mwanga wa samawati. Rafiki yake anakaribia kustaafu. Amepata nafasi moja ya mwisho kwenye setilaiti nyingine, na amemtumia kipande kipya cha madini. Lazima kiwashio kiwe tayari kabla maua ya korosho hayajageuka mabibo. Kilikuwa kimeshakaa mezani, nusu kimeunganishwa.

"Safari hii sikipitishi popote," alisema.

"Na mama?"

Alikuwa ameshageuka kurudi kwenye tangi lake. Pampu zikaanza kunguruma usiku na mchana, nami nikaanza kumwombea kwa namna yangu ya Kikristo.

Kumbe kijijini mambo yalikuwa mengine. Vibarua walifika shambani na mashine zao, bibi akawafukuza. Akawafukuza wa pili. Mikorosho ilikuwa imeshatoa maua, ubwiri unga umeanza kuonekana, na yeye amekaa barazani anasema haupulizwi hata mmoja mpaka mwanawe aje. Jirani yake akapiga simu kusema mama anaacha mavuno ya mwaka mzima yafe, na hali chakula. Mtafiti alinijia asubuhi, amevaa shati lake la kazini.

"Nisindikize, Mwalimu. Mbele yako hatanikaripia."

Tulikwenda. Njia nzima alikuwa akitazama mikono yake. Glavu mpya zilikuwa mfukoni, nikaziona zimetokeza.

Bibi alikuwa amepungua. Aliketi mkekani, mifuko ya salfa imepangwa ukutani, mashine ya kupulizia kando yake. Nilimwamkia, akaitika marahaba bila kunitazama. Mwanawe alimwamkia akaenda moja kwa moja kwenye mifuko, akaanza kuvaa glavu, akijifanya kukagua mashine. Bibi alimwangalia akivuta glavu kidole kwa kidole. Kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu, wewe ntu wa kanisani, huwezi kunidanganya. Kile kidude kiko juu?"

Nilisema, "Bibi..."

"Ntoto wangu huyu alikuwa anapuliza mikorosho hii kabla hajaota ndevu. Tangu kile kidude kiondoke, salfa yangu haishiki. Akiiona anageuza uso. Nimekaa nimefikiri, miaka, nimefikiri." Alishika mkono wangu. Vidole vyake vilikuwa vigumu na vya moto. "Mimi ndiye niliyekiharibu?"

Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote. Nimesahihisha insha za watoto elfu, nimewaambia hakuna jambo lisilo na maneno yake. Nilifungua kinywa na hakikutoka kitu. Ningesema ndiyo ningemuua mama. Ningesema hapana, asingeniamini, maana alikuwa ananitazama mdomoni. Nilimchukia Mtafiti kwa kunileta pale, na nilitamani kulia kwa ajili yake.

Nyuma yetu nikasikia sauti ya mpira ukinyofolewa. Alikuwa anazivua glavu. Alizikunja moja ndani ya nyingine kama alivyozoea, akazirudisha mfukoni. Kisha akapiga magoti, akafungua mfuko wa salfa, akaingiza mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko.

"Mama," alisema bila kugeuka, "nianzie upande wa kisimani kama zamani?"

Bibi aliniachia mkono. Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu. Sijui aliona nini, sijui alikubali nini.

"Anzia penye upepo," alisema hatimaye. "Umesahau hata hilo?"

Akajaza mashine kwa viganja, akaipandisha mgongoni, akavuta kamba. Iliwaka mara ya kwanza. Akaingia mikoroshoni, na wingu la manjano likapanda juu ya matawi, likamfunika kichwa, mabega, miwani. Alipuliza mpaka jua lilipokuwa utosini. Bibi alikula ugali wote niliomletea, akanisimulia tena habari ya nailoni, lakini safari hii hakufika mwisho wake.

Mtafiti aliporudi alikuwa wa manjano kuanzia nywele hadi viatu. Macho yalikuwa mekundu, yakimwaga machozi, na salfa kweli inawasha macho. Nilikuwa nasimama kuondoka, maana gari la kurudi mjini lilikuwa linapiga honi barabarani, na yeye alikuwa anabaki, mikorosho ya juu bado. Nikafikiria kile kidude mezani Chuno, nusu kimeunganishwa, na zile pampu zinazonguruma bila mtu. Nikafikiria yule binti na ukucha wake.

"Kaka," nilisema, "nikifika nizime pampu?"

Alivua miwani akaipangusa, kama mtu aliyeulizwa jambo la kawaida la nyumbani.

"Zizime, Mwalimu."

Niliweka kiganja changu kifuani, kumuaga kama tulivyozoea kuagana miaka yote. Yeye akaninyooshea mkono. Nikaushika, na ule unga ukaingia kwenye mistari ya kiganja changu, na tukasimama hivyo mbele ya mama yake, hakuna kati yetu aliyejua namna ya kuuachia.